Taa ya Bi Alawiya

Siku ya tano Madi alitoka nyumbani kwake Langoni na majani ya msasa mfukoni na matusi mdomoni. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Kila aliyepishana naye kichochoroni alimwuliza neno lile lile.

"Fundi, imewaka?"

"Itawaka inshallah."

"Inshallah ya leo au ya mwaka?"

Madi alijibana asijibu. Mtu akiwa na jino bovu hapendi kuulizwa habari za miwa.

Lamu nzima ilikuwa na pikipiki moja, na hiyo moja ilikuwa mgonjwa. Ilikuwa mali ya Bwana Khatib wa Mkomani, mtu wa nyumba kubwa na maneno makubwa zaidi, aliyeileta kwa meli kutoka Mombasa. Vichochoro vya mji ule punda wawili wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Lakini Bwana Khatib alikuwa na nia ya kuipanda ufuoni maji yakipwa, mpaka Shela, taa ya umeme ikimulika mbele yake. Watu alikwisha kuwaalika. Ijumaa, baada ya Isha. Na leo ilikuwa Alhamisi.

Madi alikuwa Mpate, mtu wa kisiwa cha Pate, mfua shaba na mwana wa mfua shaba. Miaka sita alifanya kazi ya kuvuta nyaya Unguja, na aliporudi akawa mtu pekee aliyejua umeme kati ya Kipini na Kiunga. Kwa hiyo Bwana Khatib alimwita, akamwekea ahadi mbele ya watu.

"Ukiiwasha taa yangu, weye na mkeo mtapanda meli ya Jumamosi. Daktari wa mato yuko Mombasa, nayuana nae. Mwezi huu arudi kwao. Ataanza na mkeo."

Ahadi hiyo ndiyo iliyomfunga Madi kwenye mashine ile kama punda kwenye kinu. Mkewe Swafiya alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, zile za vitundu vidogo ambavyo mtu mzima hawezi kuvihesabu. Tangu mwaka uliopita macho yake yalianza kuingia ukungu. Sasa alishona kitambaa kikiwa puani, na taa ikiwa karibu mpaka Madi akichelea nywele zisiungue. Mwenyewe alifanya mzaha. "Mato yangu yamezeeka kabla yangu," alisema, akacheka. Madi hakuwa na kicheko. Alimpenda mke yule kupita kiasi, na kila akimwona akipapasa sindano moyo wake ulimchoma.

Basi tatizo lenyewe lilikuwa hivi. Chini ya kiti cha pikipiki palikuwa na betri. Pembeni ya injini palikuwa na dinamo, inazungushwa kwa mkanda, na ikizunguka hujaza betri umeme. Katikati palikuwa na kijisanduku, na ndani yake ulimi wa shaba mwembamba kama ukucha. Mashine ikiunguruma, ulimi hujifunga, umeme ukapita kwenda kwenye betri. Mashine ikinyamaza, ulimi huachia, umeme usije ukarudi ulikotoka. Ni bawabu tu, hana kazi nyingine.

Bawabu yule alifika Lamu ameliwa na chumvi. Siku ya kwanza Madi alitengeneza mwingine, na kazi ilikuwa safi. Aliiungurumisha mashine uani tangu adhuhuri mpaka alasiri, akawasha taa, ukuta mzima ukawa mweupe. Akazima, akaenda kuswali magharibi. Aliporudi, betri ilikuwa imekufa.

Siku ya pili alibadilisha nyaya zote. Ikafa. Siku ya tatu aliimwaga tindikali, akaisuuza betri, akaijaza upya kwa tindikali mpya na maji ya mvua aliyoyachuja mara tatu kwa kitambaa. Ikafa. Siku ya nne aliichomoa hata waya wa taa yenyewe, betri isiwe na pa kupeleka umeme wake. Ikafa, na kufa kwake kulikuwa kule kule: magharibi yuko hai, isha ni maiti. Betri yenye nguvu ya saa nne ilikwisha katika muda wa rakaa tatu na nyiradi zake.

Madi alikuwa amefika mahali ambapo mtu hutamani kuipiga mashine teke, na siku ya nne aliipiga. Kidole cha mguu kilivimba. Mashine haikusikia kitu.

Leo alikuwa na shauri jipya. Hatakwenda msikitini. Ataswali pale pale, na atakaa na mashine ana kwa ana, aone mwizi wake anapita wapi.

Pikipiki iliwekwa ndani ya nyumba ya chini, mbali na upepo wa pwani. Nyumba ile ilikuwa ya mama yake Bwana Khatib, marehemu Bi Alawiya. Watu wote sasa walikaa juu, chini palikuwa patupu. Mashine ilisimama katika chumba cha ndani kabisa, kuta zake zimejaa vidaka vya chokaa, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, na nyuma yake palikuwa na kijumba kidogo kisicho na dirisha, nyumba kati, mahali ambapo watu wa nyumba zile huoshewa maiti wao. Bi Alawiya naye alioshewa humo. "Wiki iliyopita," Bwana Khatib alimwambia Madi siku ya kwanza, na sauti yake ilikuwa nyepesi kuliko inavyofaa.

Madi alifungua kijisanduku, akausugua ulimi kwa msasa mpaka ukameta. Akaung'oa mkanda wa dinamo. Akachana kipande cha karatasi, akakipachika kati ya ulimi na kituo chake. Umeme haupiti kwenye karatasi, hata mtoto wa Unguja anajua. Akakaa kwenye mkeka, mikono magotini.

"Haya," aliiambia mashine. "Mimi na weye leo."

Adhana ya magharibi ikaanza.

Akaswali hapo hapo, shingo inamvuta kutazama upande. Alipotoa salamu ya mwisho alisikia harufu. Kwanza alidhani ni tindikali. Haikuwa tindikali. Ilikuwa baridi, kali, inapanda puani...

Kafuri.

Ile ya kupaka maiti.

Madi alijikohoza. "Ni ya siku ile," alijiambia kwa sauti. "Harufu hukaa kwenye chokaa."

Tik.

Aligeuka. Karatasi ilikuwa imeanguka sakafuni. Ulimi ulikuwa umefungwa.

Aliufungua kwa bisibisi, akarudisha karatasi. Mkono ulikuwa umetulia, maana hasira ilikuwa bado imetangulia mbele ya woga. Karatasi ikakaa. Akaiangalia bila kupepesa. Ikaanza kutoka yenyewe, polepole, kama mtu anayeivuta kwa kucha mbili. Ikaanguka.

Tik.

Na dinamo, isiyo na mkanda, iliyo baridi kama jiwe, ikaanza kuzunguka. Mmmmm... Kwa hili Madi alikuwa na maelezo. Umeme ukirudi kwenye dinamo huizungusha, hiyo ni elimu, aliiona Unguja kwa macho yake. Aliishikilia elimu ile kwa mikono miwili.

Kisha akasikia maji.

Yalitoka nyumba kati. Maji ya kata, yanamwagwa polepole juu ya kitu, yanateremka kwenye mawe. Kimya. Tena kata nyingine. Kimya. Na juu ya kizingiti cha kijumba kile kulikuwa na mwanga, mdogo, wa manjano, wa kima cha utambi mmoja.

Hapakuwa na taa mle. Madi alijua hapakuwa na taa. Alijua kuliko mtu yeyote.

Mwanga ukafifia kadiri dinamo ilivyochoka. Mmmm... mmm... Ulipokaribia kuzima, mtu alinong'ona ndani ya kijumba, sauti ya mwanamke mzee, kavu, ya kulalamika kama mtu aliyengojea sana.

"Bado kiza."

Kukawa kiza kweli.

Madi hakumbuki alipiga kelele au hakupiga. Anachokumbuka ni mwanga wa kandili ukishuka ngazi, na Bi Nana nyuma yake. Bi Nana alikuwa mzee aliyemhudumia Bi Alawiya miaka arobaini, na ndiye aliyemwosha. Alimkuta fundi amekaa chini, mgongo ukutani, jasho linamtoka.

"Umemsikia," alisema Bi Nana. Hakuwa anauliza.

"Bi Nana... ataka nini?"

Mzee aliweka kandili chini. "Maiti akiondoka, pale alipooshewa huwekwa taa. Siku saba, magharibi mpaka alfajiri, asione kiza cha ghafula. Kwenu Pate hamuweki?"

"Twaweka."

"Taa ya Bi Alawiya iliwaka siku nne. Ya tano Khatib akaleta dude lake hili. Wapagazi waliizima, wakaitupa kidakani. Nikamwambia, mwanangu, taa ya mamako bado siku tatu. Akanambia, yangu itashinda hiyo." Aliinua kandili kuelekea nyumba kati. "Kila magharibi nashuka niiwashe, siioni. Weye umeiona?"

Madi alitazama mikono yake.

Aliiona. Siku ya kwanza, alipokuwa akitafuta shaba ya kutengenezea ulimi. Alijaribu bati la dukani, likapinda kama mkate. Alifikiria chuma, akajua kitashika kutu kwa siku moja. Ndipo alipoona taa kidakani nyumba kati, taa ndogo ya shaba ya kale, iliyofuliwa kwa nyundo mpaka ikawa na ukakamavu wa upinde. Aliijua ni taa ya nini. Lakini aliambiwa wiki iliyopita, na hakuuliza siku gani. Akahesabu saba zimekwisha. Na taa ya maiti ikimaliza siku zake hutolewa sadaka, basi nani anayestahili sadaka kuliko fundi mwenye mke anayepoteza macho? Aliikata ukingo wake kwa mkasi. Iliyobaki aliitia katika mfuko wa zana, na huko ndiko ilikokuwa mpaka sasa.

Aliitoa, akamwonyesha.

Bi Nana aliishika kama mtu anayeshika mkono wa mgonjwa. Akapapasa pale palipokatwa.

"Kipande ki wapi?"

Madi alionyesha kijisanduku kwa kidole.

"Kitoe," alisema Bi Nana. "Uiunge ilivyokuwa. Tuiwashe siku tatu zilizosalia. Ataondoka, hana ubaya. Alikuwa mtu wa haki, hakupenda kupunjwa wala kupunja."

Siku tatu! Madi aliinuka, akapanda kwa Bwana Khatib, akamkuta barazani anakunywa kahawa. Akamwomba jambo liahirishwe mpaka Jumatatu. Alisema ukweli wote, bila kuficha mkasi.

Bwana Khatib alimtazama, akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Fundi wa umeme waogopa taa ya ajuza? Watu wangu waja kesho. Haikuwaka kesho, nawe huna safari."

"Ni mamako, Bwana."

Kicheko kilikatika. "Toka," alisema.

Usiku ule Madi alilala macho wazi, hasira inamla. Alimkasirikia Khatib. Alimkasirikia daktari anayerudi kwao, na meli iendayo Mombasa mara moja kwa mwezi. Lakini zaidi, Mungu amsamehe, alimkasirikia marehemu. Walio hai wanataka macho, naye aliyekwisha fumba yake anagombea utambi! Kando yake Swafiya alikuwa amelala na kofia kifuani, sindano imechomekwa kwenye ukingo. Ilikuwa ya Madi, ya kuvaa Mombasa. Zilibaki safu nne.

Asubuhi ya Ijumaa alijaribu kila kitu. Alifua shaba ya sinia. Ikavunjika. Alifua pete ya pazia. Ikawa nene. Kabla ya swala ya Ijumaa alikuwa na ndimi saba zisizofaa na vidole viwili vyenye malengelenge. Hapakuwa na shaba nyingine Lamu iliyokuwa na moyo kama ile.

Hapo ndipo akili ya fundi ilipomcheza. Alichukua taa ya Bi Alawiya, akakata kipande cha sinia kwa kipimo cha ukucha, akakiunga kwa lehemu pale palipokuwa na pengo. Akakisugua kwa msasa, akakitia masizi, akakipaka mafuta. Alipomaliza, yeye mwenyewe alitafuta kiungo kwa muda kabla ya kukiona. Ulimi wa kale akauacha ndani ya kijisanduku.

Aliyekufa anataka mwanga, alijiambia. Atapata mwanga. Ukucha mmoja ni nini?

Magharibi alimkabidhi Bi Nana taa mlangoni mwa nyumba kati. Mzee aliigeuza karibu na kandili. Macho yake nayo hayakuwa ya ujana.

"Yote imo?"

Madi alipangusa masizi vidoleni. Nyuma yake mashine ilikuwa kimya.

"Yote," alisema.

Bi Nana alitia mafuta, akasoma Fatiha, akawasha. Mwali ulisimama wima, mzuri. Harufu ya kafuri haikuwako. Madi alikaa kando ya betri mpaka adhana ya isha, na ulimi haukusogea hata unywele. Betri ilijaa tele. Alicheka peke yake, kwa mara ya kwanza katika siku sita.

Baada ya isha Bwana Khatib alipita ufuoni kwa mlio wa kuamsha wafu, taa yake imeufanya mchanga mweupe kama unga. Watoto walikimbia nyuma, wanawake wakapiga vigelegele darini. Aliporudi kutoka Shela alimpiga Madi begani mbele ya watu wote. "Meli ni asubuhi. Nimekwisha amrisha. Nenda ukafunge mizigo."

Madi alikwenda mbio kama kijana. Alifungua mlango, na pumzi hana.

"Swafiya! Imewaka! Twenda Mombasa!"

Swafiya alikuwa ameketi mkekani, kofia mapajani, sindano mkononi. Taa ya mafuta ilikuwa mbele yake, karibu kama kawaida yake, na utambi umepandishwa. Mwali ulikuwa ukimmulika uso mzima. Aligeuza kichwa kuelekea sauti, akatabasamu.

"Alhamdulillahi," alisema. "Lakini mume wangu, mbona umeizima taa?"

Madi akasimama.

"Iwashe basi," alisema Swafiya. "Bado kiza."

Chumbani mlinuka kafuri.

Daktari wa Mombasa alimtazama siku tatu. Alisema macho yale yalikuwa yakiharibika kwa muda mrefu, na kwamba jambo kama lile hutokea. Alipoulizwa kwa nini yote mawili, na kwa nini saa ile, alifunga mkoba wake. Waliporudi, Madi alikwenda moja kwa moja Mkomani, akaung'oa ulimi kwenye mashine bila kuomba ruhusa, akaivunja lehemu yake mwenyewe, akaiunga taa kwa shaba yake ya asili. Bi Nana aliiwasha siku tatu zilizosalia, kisha siku saba nyingine. Hakumlaumu kwa neno lolote, na hilo ndilo lililomwumiza Madi zaidi. Zote zilipokwisha mzee alikwenda kuizima. Ikazimika kama taa yoyote ile.

Swafiya hakuona tena. Kofia ya Madi, yenye safu nne zisizoshonwa, ilikaa kapuni pamoja na sindano yake, na hakuna aliyeigusa.

Jioni moja, miezi baadaye, adhana ya magharibi ilipokwisha, Swafiya aliinua kichwa.

"Naona mwanga," alisema.

Madi aliangusha alichokuwa nacho mkononi. "Wapi?"

"Mdogo. U kidakani, kijumba hakina dirisha." Sauti yake ilikuwa tulivu, na nyumba ile ya Mkomani hakuwahi kuikanyaga maishani mwake. "Kuna bibi ameketi chini ya taa. Ashona."

"Ashona nini?" Madi alinong'ona.

"Kofia yako."

Madi alikwenda kwenye kapu. Ilimchukua muda kufungua kifuniko. Akaitoa kofia, akaisogeza kwenye taa, akahesabu safu kwa kidole, kisha akazihesabu tena.

Zilibaki tatu.